Kabla Hujaikataa Nyumba ya Nyota Mbili

Ipo siku moja ya Februari, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi baridi yake. Theluji ilikuwa imeyeyuka nusu, imekuwa ule uji mchafu wa barabarani, na mimi nimesimama nje ya nyumba ya kutunzia wazee kule Vällingby, viatu vimelowa mpaka soksi. Nilikuwa mke kijana, mgeni wa nchi. Nilikuwa najiuliza kama nibonyeze kengele ya mlango au nigeuke nirudi stesheni kabla mtu hajaniona.

Nakusimulia haya kwa sababu ya Jumamosi ile tulipokutana Hallunda. Kahawa haijapoa, ukanisukumia simu yako. "Aunty, kolla!" yaani tazama. Nikatazama. Nyumba nyingine ya wazee, si ile ya Vällingby, ina nyota mbili kati ya tano. Chini yake watu wameandika maneno ya kuchoma: baba hakuogeshwa, simu haipokelewi, kila tukienda tunakuta sura mpya. Na nyumba hiyohiyo imekupa kazi ya kudumu na inangoja jibu. Ukaniuliza kwa Kiswidi, maana nyinyi tukiwasemesha Kiswahili mnajibu Kiswidi na sisi tumeshazoea: nikubali au nikatae? Nikasema nitakujibu. Najua ulidhani nimekwepa. Mzee hakwepi, mwanangu, anatafuta miwani. Tena nina sababu yangu mwenyewe ya kuumia na nyumba hiyo, na nikifika hapo nitakuambia.

Basi turudi kwenye ujana wangu. Mume wangu Peter alikuwa anasoma chuo kikuu, na msaada wake wa masomo ulikatika kabla hajamaliza. Kama mimi nisingepata kazi ya kudumu kabla ya majira ya kuchipua, tungefungasha mizigo turudi Machakos na shahada nusu. Nusu ya shahada haimwajiri mtu. Nyumba moja yenye sifa nzuri ilikubali kunichukua, lakini kwa kazi ya kuitwa: mfanyakazi akiugua wanakupigia simu alfajiri, asipougua unakaa unaitazama simu. Ile ya Vällingby ndiyo iliyotaka kunipa kazi kamili. Ilikuwa inatafuta watu kwa sababu watu walikuwa wanaikimbia.

Siku hizo tulikuwa tunakutana Hallonbergen kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, akina mama wa Kenya wengi, wa Tanzania wachache, Waganda, Warundi, Wakongo. Nilipoitaja nyumba ile, vikombe vya chai viligota mezani.

"Hiyo? Hata gazeti liliiandika!"

"Wazee wenyewe huulizwa kila mwaka kama wanaridhika, na hiyo huwa mkiani. Lisemwalo lipo."

"Samaki mmoja akioza wote wameoza. Ukiingia pale, hata wewe utanuka."

Nilipofika nyumbani nikamweleza Peter. Akainua kichwa kutoka kwenye vitabu, akasema, "Mchagua jembe si mkulima," kisha akakirudisha kichwa palepale. Rahisi kusema, maana jembe lenyewe halikuwa lake.

Lakini nimeruka jambo. Kati ya akina mama wale alikuwapo Mama Zawadi, Mkongo wa Bukavu, mwenye sauti nene ya kwaya na kitambaa cha kichwa kilichofungwa wima hata siku ya upepo. Wakati wenzake wanaisema nyumba ile, yeye alikuwa anasugua sufuria ya wali bila kutia neno. Tulipotoka kwenda stesheni akanishika mkono.

"Mtoto yangu, ile nyumba ulishaiona?"

"Bado, mama."

"Na bale benye kusema, balishaiona?"

Nikajitia kutafuta tiketi mkobani.

"Mi natumika kule," akasema. "Ukuje siku ya ine, utembee na mimi. Kisha ndiyo utajibu."

Kutumika kwao ni kufanya kazi, na siku ya ine ni Alhamisi, wao huhesabu kuanzia Jumatatu. Nilishikwa na aibu kwa niaba ya wote. Kila Jumapili walikuwa wanakula naye sahani moja, na wameitukana kazi yake mbele yake bila kujua. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akacheka. "Banasema kweli. Nyumba ni mbaya. Ningebisha nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa dhati. Mtu anayekubali ubaya wa nyumba yake na bado anaamka kwenda kuifagia ni mtu wa kutazamwa vizuri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa anawajua kunguni wote kwa sura.

Basi Alhamisi nikabonyeza kengele. Wenzetu hapa wana desturi nzuri: mgeni wa kazi hutembea siku nzima kando ya mzoefu, anatazama tu, kabla ya kukabidhiwa lolote. Nami nikatembea kando ya Mama Zawadi, na nitakuambia nilichokiona bila kukipaka mafuta. Taa nyekundu zilikuwa zinawaka juu ya milango, kila moja ni mtu anayeita. Waliokuwa wanaitika hawakutosha. Babu mmoja alikuwa amesinzia mbele ya uji uliokwisha kuganda. Bibi mwingine alifungwa sweta vifungo upandeupande, na hakuna aliyepata nafasi ya kumrekebisha. Palinuka kahawa na mkojo. Moyoni nikasema, akina mama wa Hallonbergen walikuwa sawa.

Kisha nikamtazama mwenyeji wangu. Wenzake walikuwa wanagonga mlango huku mguu umeshaingia. Mama Zawadi akafika mlango wa kwanza, akagonga, akaita kwa sauti ya kijijini kabisa, "Hodi!" Akasimama. Nami nikasimama. Mara kutoka ndani sauti ya bibi wa Kiswidi ikajibu kwa lafudhi ya kuchekesha, "Karibu sana, Zawadi!"

Karibu nicheke kwa nguvu. Bibi huyo alikuwa anaitwa Ingrid, na ujanani mwake alikuwa fundi wa kofia. Mama Zawadi alikuwa amewafundisha wazee wake wote kuitikia hodi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepooza upande na kupoteza usemi. Hata kwake alipiga hodi, akangoja mpaka mzee alipoinua kidole kimoja juu ya blanketi. Ndipo akaingia. Nikamuuliza, na taa zote zile zinawaka, huoni unapoteza muda?

"Balishanyanganywa funguo," akasema. "Jiko, mbwa, hata saa ya kulala. Na ruhusa ya kuingia kwabo, tuichukue pia?"

Nilimpenda palepale, mwanangu. Sikuona aibu kumpenda mtu kwa jambo dogo namna hiyo. Kwetu tumelelewa kwamba huingii kwa mtu kama mbuzi, unabisha na unangoja. Tulipanda ndege tukaiacha adabu hiyo uwanjani, tukidhani huku hawaijui. Yeye alikuja nayo na kuitumia kazini.

Lakini asubuhi ileile, kwa Ingrid, tulipofunua blanketi, shuka lilikuwa limelowa na kupoa. Taa yake iliwaka tangu kabla ya mapambazuko na hakuna aliyekuja. Ngozi ya mapajani ilikuwa imewiva. Na unajua bibi yule alisema nini? Alisema samahani, hakutaka kusumbua watu. Nilimwona Mama Zawadi akiuma mdomo. Alimsafisha kwa maji ya uvuguvugu, akifunika taulo kila sehemu aliyomaliza ili bibi asijione uchi hata kidogo, akimuuliza habari za kofia za zamani, mpaka Ingrid akaanza kumwelekeza jinsi ya kukunja ukingo wa kofia ya harusi. Ungewaona ungedhani ni mashoga wawili saluni.

Wakati wa kahawa wafanyakazi walikusanyika pamoja na mkuu wa nyumba, mama wa Kiswidi aitwaye Annika, ambaye hakuwa amekaa muda mrefu pale. Kabla hatujaingia, kijana mmoja Mkenya, Josephat, akatuvuta pembeni.

"Mama, ya Ingrid usiiseme leo. Huyu dada ni mgeni, ataonaje? Na aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na korido mbili, maskini. Funika kombe mwanaharamu apite. Sisi ni wageni huku. Tukianza kelele, watasema Waafrika ndio wabaya."

Nikuambie ukweli, maneno yake yaliniingia. Ndivyo nilivyolelewa na mimi. Kwetu kumtaja mwenzako mbele ya mkubwa ni kumchongea, na mchongezi hapewi hata chumvi. Hilo ndilo kosa letu sisi hasa, tuliotoka nyumba za heshima. Tunaleta heshima nzuri huku ugenini, halafu tunaitandika juu ya jipu.

Mama Zawadi alimtazama Josephat kwa upole.

"Mi sitaji jina ya mutu. Nasema jambo. Mutu moja na korido mbili, ile ni jambo. Nikinyamaza, kesho atakuwa tena peke yake, na Ingrid atalala tena mu maji. Hapo nimemulinda nani?"

Kisha akanigeukia mimi, na upole ukapungua.

"Na weye, kama unakuja hapa kunyamaza, rudia kwako. Benye kunyamaza tuko nabo tayari."

Maneno hayo yalinichapa, mwanangu, na nashukuru mpaka leo kwamba yalinichapa kabla sijaanza kazi.

Akaingia, akasimama, hakukaa. Kiswidi chake kilikuwa kimevunjika kila kiungo, vitenzi vinakwenda kushoto na majina kulia, lakini hakuna aliyepotea njia. Alisema shuka lilikuwa baridi. Alisema ngozi imewiva. Alisema mtu mmoja hawezi korido mbili na hata malaika hawezi. Alisema ataandika ripoti, kama sheria ya hapa inavyomtaka kila mfanyakazi, na likitokea tena ataandika tena.

Annika aliiva wekundu kuanzia shingoni kupanda juu. Mimi nilitazama sakafu, nikingoja ngurumo. Annika akaweka kikombe chini, akamwomba arudie tangu mwanzo, polepole. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mbele ya wote kwamba ratiba ile ya mtu mmoja aliipanga yeye, na kwamba hilo nalo liandikwe kwenye ripoti. Akamshukuru Mama Zawadi kwa jina. Josephat akakaa chini taratibu.

Jioni, kabla sijaondoka, Annika aliniita ofisini akaniuliza kama nina swali lolote. Nilikuwa nimejiandaa kuulizia Jumapili, kama ningepata ruhusa ya kwenda kanisani. Swali lililonitoka ni jingine. "Nikiona jambo baya, niende kwa nani?"

Uso wake ulifunguka. "Kwangu," akasema. "Na nikikaa kimya, uende juu yangu, manispaa. Nitakuonyesha wanapopatikana." Akanionyesha kweli, palepale. Nikasaini. Peter alimaliza masomo yake na atakuambia ni kwa akili zake. Muulize siku moja nani alikuwa anainua wazee wakati akili hizo zinafanya kazi, uone atakavyokohoa.

Nilikaa pale miaka. Nilijifunza kugeuza mgonjwa bila kumuumiza, nilijifunza kungoja mlangoni, nilijifunza kusimama na Kiswidi changu kibovu na kusema. Mara ya kwanza nilisoma kutoka kwenye karatasi. Mama Zawadi alikuwa amekaa nyuma yangu, na nilipomaliza alinipa nusu ya andazi lake. Kidogo kidogo nyumba ikapata nafuu. Haikuwahi kuwa ya kwanza, lakini mkiani ilitoka, na mmoja wa wale akina mama wa Hallonbergen, simtaji, akaja kuninong'oneza kama kuna nafasi.

Usidhani nakuuzia hadithi tamu. Annika alihama. Akaja mkuu mwingine ambaye kila ukimpelekea jambo alikujibu "tutaliangalia", na macho yake yameshafika kwenye kompyuta. Tuliandika. Tuliandika na kwa waliokuwa juu yake. Mama Zawadi akastaafu akiwa bado anaandika. Mimi nikajaribu kadiri nilivyoweza, na ulipofika msimu mmoja nikaona nimeanza kuzoea: taa nyekundu inawaka, nami namaliza kunywa kahawa. Siku nilipojiona hivyo niliomba kuacha kazi. Sikuondoka kwa aibu, na Mama Zawadi alinipongeza kwa kuondoka kama alivyonipongeza kwa kuingia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba inayoficha maradhi humfundisha kila mtu kuficha.

Sasa nimefika pale nilipokuahidi. Ile nyumba ya kwenye simu yako, ya nyota mbili, ndiyo anayoishi Mama Zawadi tangu vuli iliyopita. Wanawe hawakuichagua kwa kupenda, ndiyo iliyokuwa na nafasi. Usahaulivu umemshika. Kiswidi alichokihangaikia maisha yake yote kimemtoka chote, amebaki na Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa kidogo, na pale hakuna anayeelewa hata kimoja. Wanadhani amenyamaza. Mimi huenda Jumapili na kibakuli cha sombe, kisamvu cha kwao, na tukikaa wawili anaongea mpaka natafuta pa kuingilia. Huuliza kama zamu imejaa watu.

Nimelia katika lifti ya nyumba hiyo, sikufichi. Nimeona pale mambo mabaya na nimeyasema kwa mkuu wao. Nimeona pia mazuri, na hayo nayo nimeyasema. Sikukuambia siku ile Hallunda kwa sababu nakujua moyo wako. Ungekubali kabla kahawa haijaisha, na ungekubali kwa huruma.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uichukue kwa Kiswahili maana kwa Kiswidi siiwezi. Usiikatae nyumba kwa sababu ya nyota, wala usiikubali kwa sababu ya njaa. Nyota zinasema kweli, lakini zinasema ya jana. Nenda ukatembee kando ya mtu asubuhi ya kawaida, usiende siku ya keki na maputo. Tazama mzee anayeita anangoja kiasi gani, na tazama anayekwenda kumwitikia anakwenda na uso gani. Ukimwona hata mfanyakazi mmoja ambaye ungependa mama yako aangukie mikononi mwake, hapo pana kitu cha kujengea. Kisha kaa mbele ya mkuu wao, umwulize lile swali: nikiona baya niende kwa nani? Usisikilize mdomo, angalia uso. Ukifunguka, chukua kazi, hata ulimwengu mzima ukucheke. Na ukishaingia sema jambo bila kumchoma mtu, sema mapema, sema hata kwa lugha iliyovunjika.

Lakini uso ule ukifungwa, mwanangu, amka, shukuru, uondoke. Usibaki kwa ajili ya Mama Zawadi. Nimelifikiria hili nikiwa macho na sibadiliki. Kijana anayeingia kwa huruma katika nyumba ya kimya humezwa na kimya hicho, na huyo mama alinikataza mimi kuwa mmoja wa wanaonyamaza, siwezi kukutuma wewe. Mama Zawadi ana wanawe, na ana mimi. Nguo zake nitafua, nywele nitamsuka, na kinywa changu bado kina meno.

Mungu akupe macho yasiyozoea maumivu ya watu. Akupe mgongo wenye nguvu na wakubwa wenye masikio. Usiku wako wa zamu uwe mfupi na asubuhi yako iwe na mwenzako wa kukupokea. Waliokuzaa wasikukose, na wale usiowazaa wakuite mwana. Na nchi hii itakapokuzeesha na wewe, kama inavyonizeesha mimi, umkute mtu ambaye hatanyamaza kwa ajili yako. Amina.